Nani Aliachiwa Kondoo Usiku Ule?

Kila mwaka mwezi wa Desemba ukifika twaambiwa neno lile lile makanisani na magazetini, kwamba tusiisahau maana ya Krismasi. Twaambiwa kuwa sikukuu si nguo mpya, wala si soda, wala si chapati na nyama ya kuchoma. Maneno hayo ni ya kweli. Walakini yamesemwa mara nyingi hata yamekuwa kama ngoma ya jirani, ambayo twaisikia wala hatuinuki kwenda kutazama. Juma hili sitarudia kuwahesabia mambo ambayo Krismasi siyo. Nataka niwapeleke kwa watu waijuao kazi iliyotajwa ndani ya habari yenyewe, watu wenye haki ya kuuliza swali ambalo sisi wa mjini hatuliulizi. Mahali penyewe ni Leparua.

Asiyepajua Leparua na akumbuke mji wa Isiolo, kaskazini ya Mlima Kenya, pale nchi ya mashamba inapokwisha na nchi ya malisho inapoanza. Isiolo yenyewe ni mji uliokua kwa ajili ya mifugo na askari. Hapo Serikali ya wakati wa ukoloni iliweka karantini ya ng'ombe waliotoka kaskazini, na hapo Wasomali waliokuwa askari katika Vita Kuu ya kwanza walipata mahali pa kukaa. Ukitoka mjini kuelekea magharibi, na mlima ukiwa mkono wako wa kushoto, waingia nchi ya migunga, mawe na vilima, jirani na hifadhi ya Lewa, ambayo mwaka 2013 iliunganishwa na Mlima Kenya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ndiko iliko Leparua. Katika malisho ya sehemu hizo hukutana Wamasai, Wasamburu, Waturkana na Waborana, kila mmoja na desturi zake, lakini kazi ni moja: ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia.

Kazi hiyo haijui sikukuu. Jua likichwa, mifugo huingizwa zizini, mlango ukazibwa kwa matawi ya miiba, na mwenye mali hulala kwa sikio moja. Fisi hasomi kalenda. Chui naye hana habari kwamba leo watu wamekwenda kanisani. Mchana kuna ndovu njiani, na mbuzi apoteaye vichakani saa kumi jioni huenda asionekane tena. Yuko na adui mwingine, lakini huyo nitamtaja baadaye, maana ndiye mzito kuliko wote.

Basi Krismasi ikikaribia, nyumba hugawanyika. Tuseme yuko mama mmoja wa Leparua mwenye watoto watano. Mbuzi wawili wameuzwa sokoni Isiolo, na fedha zimenunua gauni moja, viatu jozi mbili, unga, mafuta, sukari na majani ya chai. (Wazee wenye busara huuza mbuzi wawili badala ya watatu, kwa kuwa Januari iko mlangoni na karo ya shule, na si bure kwamba watu huutania mwezi huo kwa jina la njaa.) Asubuhi ya tarehe 25 wote watakwenda kanisani kwa miguu. Je, ni wote? La. Mbuzi waliobaki watataka malisho na maji kama walivyotaka jana. Mama amwambia mwanawe wa miaka kumi na mitatu, "Mwanangu, wewe baki na mbuzi. Tutakuwekea chakula chako." Naye kijana ajibu kwa adabu, akitazama chini, "Haya, mama. Lakini hata mwaka jana nalibaki mimi." Mama hana la kusema. Si mama mbaya. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, walakini sidhani kwamba yuko mfugaji atakayeuona kuwa mgeni.

Nanyi wa mijini msidhani kwamba jambo hili ni la wafugaji peke yao. Yuko muuguzi wa wadi, yuko askari wa lango, yuko dereva wa lori la Moyale, yuko mpishi wa hoteli anayewapikia wengine pilau ya sikukuu huku watoto wake wakila bila yeye. Nchi nzima ina watu wa zamu.

Mambo haya huwa mepesi au mazito kwa kadiri ya mvua. Mvua za vuli zikinyesha vema tangu Oktoba, nyasi huwa karibu na maboma mwezi wa Desemba, ng'ombe hukamwa nyumbani, na kijana aliyebaki na mbuzi huwa karibu hata aweza kuitwa kwa sauti. Lakini mvua zikikosa, ng'ombe huhamishwa kwenda kambi za malisho za mbali, ambazo Waborana huziita fora, na vijana hukaa huko kwa miezi. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame ule kuwa janga la taifa, na kabla haujakwisha mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa katika Kenya. Katika Krismasi za miaka ile yalikuwako maboma mengi ya wafugaji ambamo walibaki wazee, wanawake na watoto wadogo, na wenye nguvu wote wako mbali wakifuata majani. Halafu mwishoni mwa 2023 mvua ikaja kwa wingi hata ikawa mafuriko. Ndiyo nchi yenyewe. Haitoi kwa kipimo.

Sasa tuifungue Injili ya Luka, sura ya pili. Sitaiandika hapa, kwa sababu nyumba za Kikristo zinayo, na waliokua na Biblia ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952 waijua kwa moyo. Kuna amri ya kuhesabiwa watu. Kuna safari ya Yusufu na Mariamu hata Bethlehemu. Kuna nyumba ya wageni isiyokuwa na nafasi, na mtoto kulazwa horini. Kisha kwa ghafula Luka atuondoa mjini, atupeleka makondeni kwa wachungaji wanaokesha kwa zamu kulilinda kundi lao. Malaika awatokea, nao waogopa. Waambiwa habari. Washauriana, waenda Bethlehemu kwa haraka, wamwona mtoto, waeleza walivyoambiwa, kisha warudi walikotoka.

Ng'ombe na punda tuwaonao katika picha za Krismasi hawamo katika maneno ya Luka. Wakristo wa zamani waliwaleta kutoka kwa nabii Isaya. Na mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Assisi, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, alitengeneza hori la kweli lenye nyasi, na ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho yao. Sina neno juu ya desturi hiyo. Lakini picha zilizofuata zimetuzoeza kuwatazama wachungaji kama pambo: wanaume watatu wenye fimbo, nguo safi, wamepiga magoti, na mwana-kondoo mmoja mabegani. Mtu wa Leparua akiitazama picha hiyo ataona upungufu mara moja. Kundi liko wapi? Usiku wa manane, katika nchi ya wanyama wakali na wezi, watu wa zamu wameondoka kwenda mjini kumtazama mtoto mchanga. Je, kondoo wameachiwa nani?

Swali hili si la mzaha, wala si la kutafuta makosa katika Maandiko. Ni swali la mtu anayeijua kazi. Seremala akisoma habari ya safina ya Nuhu atauliza juu ya mbao. Mfugaji naye atauliza juu ya kundi.

Wako watakaojibu kwamba malaika walilinda. Huenda, lakini Luka asema malaika waliondoka wakaenda zao mbinguni kabla wachungaji hawajaanza safari. Wako watakaosema kwamba kondoo waliswagwa kwenda nao. Aliyewahi kuswaga kundi usiku kwenye mawe hatasema hivyo. Tena imeandikwa kwamba walikwenda kwa haraka, na kondoo hawana haraka. Na wako watakaosema kwamba waliacha yote kwa imani, kama wavuvi wa Galilaya walivyoziacha nyavu zao baadaye. Jibu hili lina heshima yake, nami nimelifikiri sana. Lakini nyavu haziliwi na fisi. Mtu aweza kuiacha kazi yake kwa ajili ya Mungu, na akasifiwa. Kukiacha kiumbe hai kilichowekwa mikononi mwake kipate kuraruliwa ni jambo jingine, hasa ikiwa mwenye mali ni mtu mwingine aliyemwamini.

Mimi naamini kwamba wako waliobaki. Luka hakuwataja, nami sina andiko la kumshika nalo msomaji. Lakini kukesha kwa zamu ni kupokezana: mmoja akesha, mwenzake alala, mmoja aenda kisimani, mwenzake abaki. Naona wawili au watatu wamebaki kando ya moto. Waliiona nuru kama wenzao, waliisikia sauti kama wenzao, kisha wakawatazama wakiteremka kuelekea mjini hata giza likawameza. Wao hawakumwona mtoto, wala hawakujua hori lenyewe likoje.

Na kama ni hivyo, waliipataje Krismasi yao? Waliipata kwa kuwa wenzao walirudi. Hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo ambalo hatulisikii vya kutosha katika hotuba za sikukuu. Twapenda sana safari ya kwenda horini. Twaiimba, twaiigiza, twawavika watoto vilemba na kuwapa fimbo. Ya kurudi hatuiigizi kamwe. Watoto hupiga magoti, pazia hufungwa, na watu hupiga makofi. Luka hakufunga pazia hapo. Aliwarudisha watu wale makondeni, na vinywa vyao vimejaa sifa. Hawakubaki Bethlehemu wakawa watu wakubwa kwa sababu ya waliyoyaona. Alfajiri iliwakuta kazini, pengine wakiwahesabu kondoo, na huku wakisimulia.

Tena tujiulize, ni nani kati yetu aliyemwona mtoto horini? Hakuna hata mmoja. Askofu na mtoto wa katekisimu, tajiri wa Nairobi na mchunga mbuzi wa Leparua, wote habari wameipata kwa kuambiwa na waliorudi. Sisi sote tu watu wa zamu iliyobaki. Kwa hiyo kijana yule aliyeambiwa abaki na mbuzi hayuko nje ya sikukuu, kana kwamba sikukuu iko kanisani na yeye yuko pembeni. Amekaa mahali pale pale ambapo Ukristo wote umekaa. Linalompungukia ni jambo moja tu, nalo ni mtu wa kurudi kumwambia.

Bethlehemu ina habari nyingine ya kijana aliyebaki, nayo ni ya kale zaidi. Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma jinsi nabii huyo alivyofika kwa mzee Yese kutoa sadaka na kumtafuta mtu wa kumpaka mafuta awe mfalme. Yese akawaleta wana saba, mmoja mmoja, wala hakuwa hata mmoja wao. Samweli akauliza kama watoto wote wamekwisha. Ndipo baba akakumbuka kwamba yuko mdogo, naye anachunga kondoo. Hata jina lake hakulitaja. Samweli akaagiza aitwe, akasema hawataketi mpaka afike. Yese hakuwa baba mbaya, kama vile mama wa mfano wangu asivyo mbaya. Alifanya hesabu ambayo kila mfugaji huifanya: karamu ipo, mifugo ipo, mdogo abaki. Lakini karamu ilisimama kwa ajili ya mdogo huyo. Kitabu hakisemi ni nani aliyetumwa malishoni kushika nafasi ya Daudi. Mimi napenda kufikiri kwamba alikuwa mmoja wa wale kaka saba, tena hakwenda kwa furaha.

Hapo pana jambo la kutenda, wala si gumu. Kaka mwenye viatu vipya aweza kuvivua na kushika fimbo tangu alfajiri hata saa nne, mdogo akaenda ibada ya kwanza. Au mdogo akakaa asubuhi, na baba mwenyewe akampokea adhuhuri. Katika nyumba nyingi neno hili litaonekana geni, kwa maana baba ni baba. Hata hivyo baba anayechunga mbuzi saa tatu siku ya Krismasi hajapungukiwa heshima. Watoto watalisimulia jambo hilo watakapokuwa wazee. Na mahali ambapo kupokezana hakuwezekani, chakula kipelekwe. Kuwekewa na kupelekewa si kitu kimoja. Chakula kilichowekwa humngoja mtu kikapoa, naye akija usiku hukila peke yake gizani. Chakula kilichopelekwa huja pamoja na mtu, na mtu huyo ana kinywa, aweza kueleza mahubiri yalikuwa nini, ni wimbo gani ulioimbwa, na ni nani aliyesinzia.

Nimesema yuko adui mwingine. Katika nchi hii zamu ya usiku haikuwekwa kwa ajili ya fisi tu. Wizi wa mifugo, ambao zamani ulikuwa wa mikuki, umekuwa wa bunduki. Wako wenyeji walioandikwa na Serikali kuwa askari wa akiba, wakapewa silaha wayalinde maboma. Na ziko bunduki nyingine ambazo hakuna aliyeziandika. Katika miaka ya 2011 na 2012 mapigano ya makabila katika Isiolo yaliua watu na kuwatoa wengi majumbani mwao. Mwezi wa Novemba 2012, huko Baragoi katika nchi ya Samburu, askari polisi zaidi ya arobaini waliokuwa wakiwafuata ng'ombe walioibwa waliuawa. Watu wa nchi hizi hawakuyasahau mambo hayo, nao hukesha wakiyakumbuka.

Kwa hiyo, mtu wa Leparua anaposoma kwamba malaika waliimba juu ya amani duniani, haoni maneno ya kupamba kadi. Aona tangazo lililotolewa kwa watu walio macho kwa sababu ya hatari. Yalikuwako majumba katika Bethlehemu yenye kuta na milango, na watu wake wamelala usingizi, hao hawakuambiwa. Angalia pia kwamba malaika hakuwalaumu wachungaji kwa kukesha, wala hakuwaambia watupe fimbo zao. Aliwaambia wasiogope. Mimi siwezi kumwambia mtu ambaye boma lake lilivamiwa kwamba alale kwa sababu ni Krismasi. Anayekaa nyuma ya ukuta wa mawe na lango la chuma hana haki ya kumhubiria mwenzake hivyo.

Lakini liko neno ambalo mkeshaji huyo hana budi kulikabili, nalo ni chungu. Ng'ambo ya kilima yuko mkeshaji mwingine, wa kabila jingine, anayekesha kwa ajili yake yeye. Kila mmoja ana moto wake mdogo, na hofu ni ile ile. Malaika alisema kwamba furaha ile ni ya watu wote. Hakutaja ukoo wala kabila. Basi mmoja hawezi kuipokea usiku huu kwa niaba ya boma lake na kumnyima wa ng'ambo, maana akifanya hivyo ameipokea habari nyingine isiyokuwa ile. Sisemi kwamba ni rahisi. Nimewasikia watu wakisema kwamba amani ni kazi ya wakubwa na mikutano yao. Mikutano ina kazi yake. Walakini mbuzi wa jirani aliyeingia kundini mwangu jioni, nikamrudisha asubuhi kabla hajatafutwa, amefanya kazi ambayo mkutano hauwezi kuifanya. Na wazee wakitangulia kuonana kisimani, vijana hawatatangulia kuonana vichakani.

Tena tukumbuke kwamba Waislamu ni wengi katika Isiolo. Wao hawasherehekei Krismasi, wala haifai kuwasingizia; lakini habari ya kuzaliwa kwa Isa bin Mariamu si ngeni kwao. Iko katika Kurani, katika sura iitwayo kwa jina la mama yake, ambamo uchungu wa kuzaa wamshika Mariamu chini ya mtende, peke yake, na hapo apewa maji na tende mbivu. Jambo hili hunistaajabisha kila nilikumbukapo. Vitabu viwili, vinavyotofautiana sana juu ya mtoto huyo ni nani, havikumzalisha Mariamu kitandani ndani ya nyumba yake. Kimoja chamlaza mtoto katika chombo cha kulishia mifugo, na kingine chamweka mama chini ya mti. Mtu anayelala fora anavielewa vyote viwili bila mwalimu.

Iko desturi ya siku nyingi katika Kenya, ambayo wengi wetu tumeizoea hata hatuioni. Machinjioni, na hata majumbani siku ya karamu, Wakristo humwita Mwislamu achinje, ili nyama ile iweze kuliwa na kila mgeni atakayepita. Wako wanaoudharau uangalifu huo, wakisema kwamba Krismasi ni ya Wakristo na nyama ni nyama. Mimi naona kwamba wamekosa jambo kubwa. Mwenye mbuzi aliyemtuma mtoto alfajiri kumwita jirani aje na kisu chake amekwisha kumwalika kabla chungu hakijapanda jikoni. Yule wa nyumba ya wageni kule Bethlehemu hakuwa na nafasi. Huyu ameitengeneza nafasi mapema.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa kazi mbili. Anayechunga mbuzi ni mchungaji, na anayeongoza kanisa ni mchungaji. Wa mbuzi ndiye aliyetangulia, na wa kanisa aliazima jina lake. Katika Isiolo neno hilo liliandikwa kwa damu. Askofu Luigi Locati, aliyetoka Vercelli katika Italia akaishi Kenya miaka zaidi ya arobaini, alikuwa mkuu wa kwanza wa Vikarieti ya Isiolo iliyoundwa mwaka 1995. Tarehe 14 Julai 2005 alipigwa risasi mjini humo humo, akafa. Alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi, na angaliweza kurudi kwao akapumzika. Vikarieti ile ikapandishwa kuwa Jimbo mwaka 2023, na kanisa kuu lake laitwa kwa jina la Mtakatifu Eusebio, askofu wa kale wa huko huko Vercelli.

Sasa neno moja juu ya tarehe, kwa kuwa najua yuko msomaji atakayesema kwamba siku ikipita imepita. Injili haitaji siku wala mwezi. Habari ya kwanza ya kusherehekea tarehe 25 Desemba yatoka Roma, katika karne ya nne. Ukifuata barabara ya lami kutoka Isiolo kupitia Marsabit hata Moyale, ukavuka mpaka, utawakuta Wakristo wa Ethiopia ambao Krismasi yao ni tarehe 7 Januari. Huiita Ganna, nalo ndilo jina la mchezo wao wa siku hiyo, ambao vijana huupiga mpira kwa fimbo zilizopindika. Wenyewe husimulia kwamba wachungaji walipopata habari ya kuzaliwa kwa Bwana walifurahi mno, wakaanza kucheza kwa fimbo zile zile walizokuwa nazo za kuchungia. Ni hadithi tu, lakini naipenda, maana ndani yake hakuna aliyekwenda mjini kutafuta cha kuchezea.

Katika parokia za nchi kavu padre mmoja ana vituo vingi, na kila mwaka viko ambavyo humngoja hata baada ya tarehe 25. Watu wa vituo hivyo husikitika kwamba wameachwa nyuma. Kati ya Krismasi yetu na ile ya Ethiopia ziko siku kumi na tatu, na katika siku hizo padre, au mwinjilisti, au hata mkubwa wa nyumba aliyebaki na nguvu za miguu, aweza kufika fora na kurudi. Atakuta moto umewashwa na watu wako macho. Achukue sukari na majani ya chai. Maziwa yako huko.